Namna ya kuongeza uwezo wa kutenga nafasi ya faili katika mfumo wa faili wa Linux

Hifadhidata inayoandika faili ya gigabaiti 50 haipaswi kugundua katikati ya kazi kwamba diski imejaa. Ndiyo maana Linux, tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, ina mwito wa mfumo uitwao fallocate, ambao programu huutumia kuomba nafasi mapema na kuhakikishiwa kwamba uandishi wa baadaye ndani ya eneo hilo hautakwama kwa kosa la ENOSPC, yaani la diski kujaa. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, hukagua ombi kisha hulikabidhi kwa mfumo wa faili unaohusika, na ikiwa mfumo huo hauijui kazi hiyo, programu hujibiwa EOPNOTSUPP, yaani kazi hiyo haiwezekani hapo. Mwongozo huu ni kwa anayeandika au kutunza mfumo wa faili ndani ya kerneli na anataka kuuongezea uwezo huo.

Kabla ya kugusa msimbo, amua bloku (vipande vya ukubwa sawa ambavyo diski hugawanywa) zilizotengwa lakini hazijaandikwa zitatambulikaje diskini, kwa maana uamuzi huu ndio uzito wa kazi nzima. Kupata bloku huru ni jambo ambalo mfumo wako tayari hulifanya kila faili inapokua. Ugumu ni kwamba bloku hizo bado zimebeba masalia ya faili zilizofutwa, pengine nywila au barua za mtu mwingine, na anayezisoma lazima aone sifuri tupu. Unaweza kuzijaza sifuri zote papo hapo, jambo linalochukua muda mrefu kwenye faili kubwa, au unaweza kuziwekea alama, kama kiwanja kilichopimwa na kuwekewa mawe ya mipaka: kina mwenyewe, lakini hakijajengwa. Ext4, mfumo wa faili unaotumika sana katika Linux, huiweka alama hiyo ndani ya urefu wa mfululizo wa bloku (extent) wenyewe. Urefu huhifadhiwa kwa biti 16. Thamani isiyozidi 32768 humaanisha bloku zimeandikwa, na inayozidi hapo humaanisha hazijaandikwa, nao urefu halisi hupatikana kwa kutoa 32768. Kwa hiyo mfululizo usioandikwa hauwezi kuzidi bloku 32767.

FAT, mfumo wa faili wa zamani, haina pa kuweka alama ya aina hiyo. Katika Linux, ombi la kutenga bila kubadili ukubwa wa faili huipatia FAT nafasi iliyo nje ya mwisho wa faili, ambako hakuna anayeweza kusoma, na nafasi isiyotumika hurudishwa inodi (rekodi ya taarifa za faili) inapoondolewa kwenye kumbukumbu. Ikiwa muundo wako wa diski nao hauna biti ya ziada, ushauri wangu ni kuubadili muundo wenyewe, mradi uweke pia alama ya kutopatana kwenye bloku kuu (superblock, inayoueleza mfumo mzima wa faili) ili kerneli za zamani zikatae kuipandisha diski hiyo. Kerneli ya zamani ikiachwa ipite, itamsomea mtumiaji masalia yote kana kwamba ni data yake.

Kujiandikisha ni kazi nyepesi. Andika kazi yako ya C na uiweke kwenye jedwali la file_operations, katika nafasi ya .fallocate. Anza na hali mbili tu, ya kawaida na ya kutobadili ukubwa, na ukatae nyingine zote waziwazi:

if (mode & ~FALLOC_FL_KEEP_SIZE)
    return -EOPNOTSUPP;

Usirudie ukaguzi ambao vfs_fallocate, kazi ya kerneli inayoita ya kwako, imekwisha kuufanya, kama vile mwanzo hasi, faili isiyofunguliwa kwa kuandikwa, au eneo linalopita ukubwa wa juu unaoruhusiwa. Kinachobaki kwako ni kufunga inodi kwa inode_lock, kusubiri ingizo na toleo la moja kwa moja (direct I/O, lisilopitia akiba ya kumbukumbu) liishe kwa inode_dio_wait, na kuita inode_newsize_ok pale ukubwa utakapoongezeka.

Kisha geuza baiti kuwa bloku, ukikunja mwanzo kwenda chini na mwisho kwenda juu, na utenge kwa awamu. Ombi la gigabaiti 50 haliwezi kuingia katika muamala mmoja wa jarida la mfumo wa faili (daftari la mabadiliko ambapo kila muamala hukamilika wote au haufanyiki kabisa), hivyo kila awamu ifungue muamala wake, itenge mfululizo mmoja wenye alama, isasishe hesabu za bloku, kisha iufunge. Nafasi ikiisha njiani, rudisha kosa na uiache faili ikiwa katika hali sahihi. Usiusogeze ukubwa wake kupita bloku ulizokwisha kutenga.

Upande wa uandishi ndio unaosahaulika. Programu inapoandika ndani ya eneo lililotengwa, data lazima ifike diskini kwanza, na alama iondolewe baadaye. Ukigeuza mpangilio huo na umeme ukakatika katikati, masalia yanafichuka. Tena, kuandika bloku moja katikati ya mfululizo huugawa sehemu tatu, na mti unaoshika orodha ya mifululizo huenda ukahitaji bloku mpya wakati diski imejaa, yaani ahadi uliyoitoa inavunjwa na hesabu zako mwenyewe. Ext4 hulikabili hili kwa kuweka akiba ya asilimia 2 ya nafasi au vishada 4096 (kishada ni kipimo cha msingi cha kutenga nafasi, chenye bloku moja au zaidi), chochote kilicho kidogo, na mgawanyo ukishindikana hujaza sifuri badala ya kugawa. Weka akiba ya namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Kutoboa tundu, yaani FALLOC_FL_PUNCH_HOLE, kusubiri hadi haya yote yawe imara. Huko hukunjwa kinyume, kuelekea ndani, bloku za pembeni hujazwa sifuri kwa sehemu, na kurasa zilizo kwenye kumbukumbu lazima zitupwe huku filemap_invalidate_lock imeshikwa, la sivyo mchakato mwingine utaurudisha ukurasa wa zamani kabla bloku haijaachiliwa.

Kwa majaribio, jaza diski ya majaribio kwa baiti ya 0xAA, futa kila kitu, kisha:

fallocate -l 100M jaribio.dat
stat -c %b jaribio.dat
filefrag -v jaribio.dat

Kwa bloku za baiti 4096, stat ionyeshe angalau 204800, kwa kuwa huhesabu vipande vya baiti 512, na filefrag ionyeshe neno unwritten kwa bloku zote 25600. Isome faili nzima kwa cmp dhidi ya /dev/zero. Ukikuta 0xAA hata mara moja, kuna data inayovuja. Sasa andika bloku moja katikati:

dd if=/dev/urandom of=jaribio.dat bs=4096 seek=1000 count=1 conv=notrunc,fsync

Bloku ya 1000 ndiyo pekee inayopaswa kupoteza alama. Rudia zoezi hili ndani ya mashine pepe, uizime ghafla wakati dd inaendelea, uipandishe diski upya na usome tena, kisha uendeshe programu yako ya ukaguzi wa diski na kuhakikisha haihesabu bloku zilizo nje ya mwisho wa faili kuwa kosa. Baada ya hapo ndipo uendeshe xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili ya Linux, ambayo ina majaribio mengi ya fallocate yasiyotegemea mfumo mmoja wa faili.