Kuseti kabureta ya pikipiki: skrubu ya mchanganyiko

Kila wiki swali ni lile lile: "Inakula mafuta, nifungue skrubu kiasi gani?" Naandika mara moja, someni hapa. Ni kwa pikipiki za kabureta, 100 hadi 150 cc.

1. Ea klina safi, plagi nzima, choki imerudi mwisho.

2. Endesha dakika 10. Injini ya baridi haisetiwi.

3. Pandisha saileni (mngurumo wa injini bila kugusa aksereta) kidogo.

4. Hapa ndipo kabureta nyingi zinapoharibiwa. Kwanza jua skrubu yako ya mchanganyiko (wa hewa na petroli) ni ipi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukifungua, mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa ea klina, inapima hewa: ukifungua, mafuta yanapungua. Ukizichanganya, kila utakachofanya baadaye kitakuwa kinyume. Zima injini, funga kwa bisibisi ndogo iliyoshikwa kwa vidole viwili, ukihesabu mizunguko. Ikigusa tu, acha. USIKAZE! Ncha yake ni nyembamba kama sindano. Ukikaza inakatikia kwenye tundu au inapanua tundu lenyewe, na hapo unanunua kabureta. Sasa fungua mzunguko mmoja na nusu. Ukiichomoa skrubu ya mafuta, nyuma yake kuna springi, washa na oringi (pete ya raba) ndogo kuliko punje ya mchele. Oringi hupenda kubaki ndani. Ikipotea, hewa inavuja.

5. Washa. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, subiri sekunde 10, sikiliza. Itafika mahali resi imepanda kabisa, ukizidisha inaanza kumisi. Rudi pale ilipopanda.

6. Shusha saileni hadi mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, kisha rudia hatua ya 5.

7. Piga resi, achia ghafla. Ikichelewa kushuka, mafuta ni kidogo. Ikizama karibu na kuzima ndipo inyanyuke, mafuta yamezidi.

Swali: Yangu ni Boxer, nifungue mizunguko mingapi?
Jibu: Hatua ya 4 na ya 5. Mmoja na nusu ni pa kuanzia tu.

Swali: Nimezungusha sana, mlio haubadiliki. Kabureta ni mbovu?
Jibu: Hapana. Jeti ya saileni (kitundu kinachopitisha mafuta) imeziba, au raba ya manifodi, ile inayounganisha kabureta na injini, inavuja. Pulizia raba maji ya sabuni injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, umepata panapovuja. Jeti isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo. Usichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka itakula mafuta siku zote.

Swali: Nimefuata yote, ikiwa spidi bado moshi mweusi. Somo lako halifanyi kazi.
Jibu: Skrubu hii inatawala saileni hadi robo ya aksereta. Aksereta ikiwa katikati inatawala sindano ya kabureta, ikiwa juu ni jeti kubwa. Umeangalia choki na ea klina? Ndiyo hatua ya 1.

Swali: Mkuu, pikipiki iliyosetiwa Dar mbona inakuwa nzito Mbeya?
Jibu: Umeuliza jambo la maana. Mbeya ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kama asilimia 15, lakini jeti inamwaga mafuta karibu yale yale. Mafuta yanazidi. Seti upya hukohuko, robo kwa robo. Ikibaki nzito kwenye spidi, weka jeti kubwa ya namba ndogo kidogo, na ukishuka Dar urudishe ya zamani, maana mafuta yakiwa machache injini inachemka hadi pistoni inatoboka. Fungua plagi uone: kahawia ni sawa, masizi meusi mafuta yamezidi, nyeupe yamepungua.

Swali: Na ikimisi baada ya mvua tu?
Jibu: Usiguse skrubu. Legeza nati iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa angavu. Maji yatakaa chini ya petroli, utayaona.