Namna ya Kuishi na Mashaka Katikati ya Waumini wa Ujiji

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, lakini mtaani Ujiji, mkoani Kigoma, uhuru huo haukuondolei wajibu wa kuzika. Ukiwa na mashaka juu ya dini, anzia msibani: fika mapema, andikisha rambirambi yako kwenye daftari, kaa mkekani na wenzako, na dua inaposomwa inamisha kichwa, bila kuitikia usichokiamini wala kutoa simu mfukoni.

Kabla ya kumpinga shehe au mchungaji mwenye msimamo mkali, jichunguze kama kinachokukera ni hoja yake au ni kumbukumbu ya bakora za utotoni. Kwa sisi tuliolelewa madrasa, mara nyingi vyote viwili vimechanganyika. Mzee akikuuliza mbona huonekani msikitini, mjibu kwa ufupi, "Mzee wangu, bado natafuta," wala usibishane naye mbele ya wajukuu. Jambo lisilovumilika, kama binti kuachishwa shule kwa kisingizio cha dini, lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, ukitaja sheria za nchi na si aya, kwa sababu kwenye aya watakushinda.