Jinsi ya kubuni mwezi wa hadithi: ramani kwanza, vita baadaye

Vita vya mwezi wa kubuni visipomwingia msomaji akilini, mara nyingi kosa lilifanyika mapema, kwenye ramani. Mwandishi amekwisha kupanga majenerali, mapigano na mkataba wa amani kabla hajajua maji yako wapi na usiku una urefu gani. Anza na mambo manne: nusu kipenyo, msongamano wa mwamba, muda wa kuizunguka sayari, na kama kuna hewa au hakuna.

Tuchukue mwezi wa mfano usio na hewa. Nusu kipenyo chake ni kilomita 1,500, msongamano ni gramu 3 kwa sentimita moja ya ujazo, na unaizunguka sayari yake kwa siku 8 za Dunia. Kupata mvutano, gawanya 1,500 kwa 6,371 (nusu kipenyo cha Dunia), kisha zidisha kwa 3 na ugawanye kwa 5.51 (msongamano wa Dunia). Jibu ni 0.128, yaani karibu moja ya nane ya mvutano wa Dunia. Eneo lote ni kama kilomita za mraba milioni 28, pungufu kidogo ya bara la Afrika. Askari aliyesimama kwenye tambarare anaona hadi kilomita 2.3 tu, ilhali duniani angeona karibu kilomita 4.7. Kwa hiyo kila kilima kina thamani ya ngome.

Miezi yote mikubwa tunayoijua huielekezea sayari yake uso mmoja daima, na wako ufanye vivyo hivyo. Hapo siku ya mwezi inakuwa sawa na mzunguko wake: siku 4 za mwanga, siku 4 za giza. Kwenye upande unaoitazama sayari, sayari haichomozi wala haizami. Imetulia palepale angani, na usiku wa manane inang'aa ikiwa kamili. Obiti (njia ya mwezi kuizunguka sayari) isipoinama sana, katikati ya upande huo jua hupatwa kila mzunguko, tena saa sita mchana. Upande wa nyuma hauna mwanga huo wa sayari, na usiku wake ni giza la kweli. Mashambulizi ya kuvizia yapeleke huko.

Sasa piga hesabu ambayo wengi huisahau: alfajiri inasafiri kwa kasi gani? Mzingo wa ikweta ni kilomita 9,425. Gawanya kwa saa 192 za siku 8 na utapata takribani kilomita 49 kwa saa. Kwenye latitudo ya 60 ni nusu ya hapo. Msafara wa magari unaotegemea umeme wa jua unaweza kulifuata jua upande wa magharibi bila kuingia gizani, mradi usisimame. Daraja likivunjwa au gurudumu likipasuka, giza linaufikia baada ya saa chache. Huo ni mkasa uliojengwa na ramani yenyewe, na una nguvu kuliko usaliti wowote utakaoubuni.

Sababu ya vita itafute kwenye ncha za kaskazini na kusini. Mhimili wa Mwezi wetu wa kweli umeinama nyuzi 1.5 tu, ndiyo maana ndani ya baadhi ya kreta (mashimo makubwa) za ncha jua halifiki kamwe, na mwaka 2009 chombo cha LCROSS kilithibitisha kuwepo kwa maji katika kreta ya Cabeus. Karibu na kreta za aina hiyo kuna miinuko inayopata jua sehemu kubwa ya mwaka. Maji na umeme vikiwa umbali wa kilomita chache, huhitaji kubuni chuki ya kale kati ya mataifa mawili.

Mzingiro upime kwa kilo. Mtu mmoja hutumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, hivyo kambi ya watu 200 inahitaji kilo 168. Kilo 9 za maji zikitenganishwa kwa umeme hutoa kilo 8 za oksijeni, kwa hiyo kambi hiyo hutumia kilo 189 za maji kila siku kwa kupumua tu. Mzingiro wa siku 90 unakula tani 17, bila maji ya kunywa. Ghala likiwa na tani 10, tarehe ya kusalimu amri unaijua kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Silaha ndizo zinazowaponza waandishi wengi. Pasipo hewa hakuna wimbi la mlipuko, hakuna mshindo wa mbali, hakuna moshi wa kujifichia. Vumbi linaruka na kuanguka bila kuelea. Vipande vya chuma navyo havipunguzwi kasi na chochote. Risasi inayotoka kwa mita 900 kwa sekunde, ikielekezwa juu vizuri, inaweza kuanguka zaidi ya kilomita 800 mbele. Kombora likirushwa mlalo kutoka kilele kirefu kwa kilomita 1.37 kwa sekunde, na lisikutane na mlima, litauzunguka mwezi na kurudi kwa nyuma baada ya saa 2 hivi.

Redio nayo haivuki upeo wa macho bila mnara au satelaiti. Ndiyo maana China ilitanguliza satelaiti ya Queqiao mwaka 2018 kabla ya chombo chake cha Chang'e 4 kutua upande wa nyuma wa Mwezi mwaka 2019. Satelaiti zikidunguliwa, kikosi cha upande wa nyuma kinaweza kuendelea kupigana baada ya amani. Imewahi kutokea duniani: mkataba wa Ghent, wa amani kati ya Marekani na Uingereza, ulitiwa saini tarehe 24 Desemba 1814, na mapigano ya New Orleans yakafuata tarehe 8 Januari 1815.

Majina ya mahali yape matabaka. Tsaritsyn, mji wa Urusi, ikawa Stalingrad mwaka 1925, kisha Volgograd mwaka 1961. Kreta iliyotekwa mara mbili nayo iwe na majina matatu, na kila upande uchore lake. Ushahidi wa mapigano hauozi, kwa kuwa hakuna mvua wala upepo. Mwanahistoria wako atasoma ardhi: nyayo zilizofunikwa na vumbi la mlipuko zilitangulia mlipuko, na alama za magurudumu zinazopita juu ya vumbi hilo ni za waliokuja baadaye.