Kupiga picha za mpira na ngalawa Tanga: hatua kwa hatua, kuanzia uwanjani mpaka kulipwa

Mpwa wangu kanunua kamera ya mtumba, akaja na swali moja tu: mjomba, nafanyaje hii iwe kazi, sio ya kuposti halafu basi? Nimemwelekeza kwa mdomo, nikamtumia voisi ndefu ndefu, mwisho nikaona bora niandike mara moja ili kila anayeuliza nimtumie hii. Naandika kwa mtu aliyeko Tanga, ila ukiwa Pangani au Bagamoyo bahari ni ile ile na jua linatokea upande ule ule. Kuchaji betri na kuweka kadi sielezi.

Hatua ya 1: Chagua mchezo unaoujua kwa mwili wako

Hapa ndipo watu wananikatisha, wanataka nianze na lenzi. Lenzi baadaye.

Angalia waliofika mbali. Jimmy Chin wa Marekani, yule anayepiga picha akiwa ananing'inia kwenye kamba juu ya majabali, alikuwa mpandaji kwanza, miaka kadhaa analala kwenye gari ili awe karibu na milima, kamera ikamkuta huko huko. Mpandaji Alex Honnold alipopanda jabali la El Capitan kule Marekani bila kamba mwaka 2017, Chin na wenzake sehemu ngumu kabisa waliweka kamera zinazoongozwa kwa mbali, ili jamaa asione mtu pembeni akatoka mchezoni. Uamuzi ule hautoki kwa mtu ambaye hajawahi kushika jabali. Clark Little wa Hawaii naye, yale mawimbi yanayovunjikia ufukweni alishayachezea miaka mingi, mwaka 2007 mke wake akataka picha ya wimbi ya kutundika chumbani, jamaa akaingia majini na kamera mwenyewe.

Halafu kuna ile picha ya Gabriel Medina, Mbrazili anayeteleza juu ya mawimbi kwa ubao, amesimama hewani na ubao wake pembeni, kidole kimoja juu. Ile ni Olimpiki ya Paris 2024, lakini mashindano ya mawimbi yalifanyika Teahupo'o, Tahiti. Mpigaji, Jérôme Brouillet wa shirika la habari la AFP, alikuwa kwenye boti nyuma ya wimbi, Medina hamwoni kabisa. Alichojua ni kwamba mtu akipata wimbi zuri namna ile lazima atatokea kwa juu akishangilia, basi akaelekeza kamera pale na kusubiri. Ukimpa kamera ile ile mtu asiyejua mawimbi, angekuwa anaangalia simu.

Sasa rudi nyumbani. Kama umekulia Sahare au Mwambani unajua utamu wa mashindano ya ngalawa uko wapi. Tanga la ngalawa likishajaa upepo chombo kinakwenda kimetulia, watu wamekaa, picha nzuri ya kalenda lakini haina mashindano ndani yake. Subiri wanapogeuza. Tanga linalegea na kupigapiga, mabaharia wanahamia upande wa pili wakipishana, mmoja anaivuta demani, ile kamba ya tanga, mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na nahodha anapiga kelele mdomo wote wazi. Ni sekunde chache tu, na asiyejua ngalawa hazioni zikija. Mpira vile vile, jua straika anapenda mguu gani, jua akifunga huwa anakimbilia benchi au jukwaani.

Hatua ya 2: Vifaa

Bodi yoyote ya mtumba ya Canon au Nikon inayopiga picha 6 au 7 kwa sekunde inatosha, hela yote iliyobaki weka kwenye lenzi ya 70-200 f/2.8, inayovuta mbali na kuingiza mwanga mwingi, hata ikiwa imechubuka nje. Ile 18-55 inayokuja na kamera iache kwa ajili ya send-off. Monopodi, ule mguu mmoja wa kuegemezea kamera, nunua. Tripodi uwanjani ni ya kukwaza watu tu. Drone usiniulize, kwanza inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika, pili picha zote za drone za ngalawa zinafanana.

Chumvi ndiyo adui yako mkubwa. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi usifute kamera kikavu, utakuwa unaisugua chumvi iingie ndani. Chukua kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, ichovye maji baridi ya bomba, ikamue kabisa, ndipo ufute, halafu pitisha kikavu. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, vinanyonya unyevu, weka kwenye begi la kamera.

Hatua ya 3: Ruhusa

Nenda siku kadhaa kabla, sio siku ya mechi. Ongea na msemaji wa timu, kwenye mechi za ligi kuna utaratibu wa vitambulisho na bila hicho utabaki jukwaani. Ngalawa ongea na kamati na manahodha, salimia wazee kwanza, na ukiingia kwenye boti vaa laifu jaketi hata kama unajua kuogelea. Michezo ya shule, mwalimu lazima ajue.

Hatua ya 4: Pa kukaa

Mwaka 1965, pambano la ngumi la Muhammad Ali na Sonny Liston kule Lewiston, Maine, Marekani. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alipata ile picha ya rangi ya Ali amesimama juu ya Liston. Ukiiangalia vizuri utaona katikati ya miguu ya Ali kuna mpiga picha mwingine upande wa pili, Herbert Scharfman, mkongwe kumzidi Leifer, na anachokiona yeye ni mgongo wa Ali. Tofauti hapo ni kiti tu. Na Leifer alikuwa na taa kubwa zimefungwa juu ya ulingo ambazo zikishawaka zinahitaji muda kujichaji, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kupiga mvua ya picha kama sisi leo, alisubiri.

Kwa huku kwetu: jua linachomoza baharini. Asubuhi ukiwa Raskazone unaangalia maji, ngalawa zote zitakuwa nyeusi na jua liko machoni, jioni jua linakuwa mgongoni mwako na rangi za matanga zinatoka zote. Ukitaka kupiga asubuhi panda boti uwe upande wa bahari kuu. Na boti ikae karibu na pale wanapogeukia, sio pa kuanzia wala kumalizia ambako kila mtu mwenye simu yupo. Mwambie wa mashine akae upande unaoenda upepo, asije akawakatia wenzake upepo wakakulaani wewe. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi wanageukia sehemu tofauti, ulizia. Ulizia na maji pia, wakati wa bamvua, maji makubwa, kujaa na kupwa kunapishana zaidi ya mita 3, pale uliposimama asubuhi mchana hapapo.

Uwanja wa Mkwakwani, kaa nyuma ya goli pembeni kidogo, karibu na kibendera cha kona, goli ambalo timu unayoipigia inashambulia. Kipindi cha pili hama. Kaa chini, usisimame, mchezaji akipigwa kutoka chini anaonekana mrefu na jukwaa linaingia kwa nyuma. Basi.

Hatua ya 5: Fokasi (soma hii mara mbili)

Hii ndiyo ilitukalisha mimi na mpwa wangu kibarazani mpaka usiku mwingi. Katoka kwenye mechi ya Coastal Union, timu ya hapa Tanga, na kadi imejaa, kwenye kioo cha kamera zote kali, kuzifungua kwenye laptopu nyuso zote zimelainika kama zimepakwa mafuta. Tukaanza kumtafuta mchawi.

Usibahatishe, kuza picha mpaka asilimia 100 halafu ichunguze. Majani yaliyo chini ya mchezaji ni makali ila yeye amevutika kuelekea anakokimbia, hiyo ni shata, ule muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, iko polepole. Kila kitu kimevutika upande mmoja, mpaka mabango, huo ni mkono wako. Mabango ya nyuma unasoma mpaka namba ya simu lakini mchezaji ni ukungu, fokasi imeruka nyuma. Na kama hakuna kitu kikali popote pale, ni joto au ni lenzi.

Shata kwanza maana ni rahisi. Acha Auto. Mpira anzia 1/1000 ya sekunde, ukiweza 1/1600, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande. Chengachenga kwenye picha mhariri anazisamehe, ukungu hasamehe. Ngalawa utaona iko polepole ukadhani 1/250 inatosha, lakini wewe mwenyewe uko kwenye boti inayoruka, weka 1/1000 hapo pia. (Waendesha baiskeli ukitaka nyuma pavutike, shuka mpaka 1/30 umfuate na kamera, lakini hiyo ni siku nyingine na utaharibu nyingi.)

Fokasi sasa. Weka ile ya kuendelea, Nikon na Sony wanaiita AF-C, Canon AI Servo, kwenye zile mpya Servo tu. Halafu chagua nukta moja au kikundi kidogo cha nukta katikati. Ile ya eneo lote, kamera inajichagulia yenyewe, na itachagua mashabiki maana ndio wengi. Halafu itenganishe fokasi na kitufe cha kupigia, uiweke kwenye kitufe cha nyuma cha kidole gumba. Wiki ya kwanza utaichukia, vumilia. Kwenye menyu kuna mahali pa kuweka jinsi fokasi inavyokuwa na haraka ya kuhama, iweke ya polepole, ili refa akikatiza mbele isimfuate yeye. Kwa mkimbiaji peke yake au ngalawa iliyo peke yake haina tofauti, usihangaike.

Kama kamera yako ni mpya, ina ile ya kutambua macho, ni nzuri sana kwa mtu mmoja, ila kwenye kona yenye watu kumi golini inarukaruka hovyo, mimi naizima. Wengine watakwambia iache. Sibishani.

Anza kufokasi kabla tukio halijafika, mfuate mchezaji mpira ukiwa bado unakuja. Na usikandamize kitufe mfululizo, kamera ikijaa inaganda halafu goli linaingia imeganda. Ndio maana napiga JPEG, faili ndogo. RAW, zile faili kubwa, ni za harusi.

Sasa vile visivyo kwenye menyu. Saa tisa saa kumi alasiri, ardhi imechemka, ukiwa na lenzi ndefu unapiga kutoka goli hili mpaka lile, mvuke wa joto unaitikisa picha na hakuna setingi itakayokuokoa, sogea karibu au subiri saa kumi na moja. Mchangani maji yakipwa ni mbaya zaidi. Ukitoka kwenye gari lenye AC usifungue begi papo hapo, lenzi itafuka jasho ndani na nje, liache begi limefungwa nje nusu saa. Lenzi ya mtumba kabla hujalipa imulike na tochi ya simu, ukiona nyuzinyuzi ndani ni ukungu umeota, hewa ya Tanga itaulisha unenepe, irudishe. Kile kigurudumu kidogo pembeni ya tundu la kuchungulia kikiguswa utaona kila kitu hakijakaa sawa kumbe picha ni nzima. Na yale mafilta ya UV ya bei chee yanayofungwa mbele eti kulinda kioo, toa.

Kwa mpwa wangu wachawi walikuwa wawili, eneo lote na filta. Tulipiga watoto wanaocheza chandimu barabarani kwa kuvua filta na kuweka nukta moja, kope zikaonekana.

Hatua ya 6: Kuchagua, kuandika, kutuma

Futa bila huruma, tuma picha chache. Wakati wa mapumziko tuma mbili tatu hapo hapo kwa simu, ukisubiri kufika nyumbani timu imeshaposti za mwingine.

Kila picha iandikie kapsheni ndani ya faili: nani, anafanya nini, dhidi ya nani, wapi, tarehe, na jina lako. Chukua orodha ya wachezaji na namba kabla mechi haijaanza. Kuna mzee mtaani kwetu Ngamiani ana picha ya kikosi enzi zile Coastal ilipochukua ubingwa wa 1988, nyuma haina hata jina moja, na kila Ijumaa baada ya swala wanabishana kibarazani yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Majina ya manahodha andika kama wanavyoitwa wenyewe, na jina la chombo usisahau, chombo kina mashabiki wake. Usiposti kwa WhatsApp kama picha, inaibana, tuma kama dokumenti.

Hatua ya 7: Hela

Mpira wa mkoani peke yake hautakulisha mwanzoni, mgosi. Harusi, mahafali na sendoff ndivyo vitakavyonunua lenzi. Anza na wanaohitaji picha lakini hawana mpiga picha: klabu za jogging, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), timu za mtaani zenye mdhamini, hoteli za ufukweni zinazopeleka wageni baharini. Mashirika makubwa kama AFP na Reuters hutumia watu wa kujitegemea, na watakachoangalia ni kazi yako ya mwaka mzima, sio picha moja iliyotrendi.

Bei taja kwa siku, usitaje kwa picha, ukitaja kwa picha watachukua moja na kukuomba nyingine kumi za zawadi. Andika kwenye meseji kabla ya kazi picha zitatumika wapi: kuposti Instagram bei yake, bango la barabarani bei yake. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda picha pia, ila mteja hasomi sheria, anasoma meseji yako. Akikwambia tutakutaja jina, mwambie jina ni lazima na malipo ni lazima, nusu iingie kwenye simu kabla hujapanda boti.