Kumeza luteini kwa ajili ya macho: kipimo, lebo na mahali watu wanapokosea

Luteini, rangi ya asili iliyomo kwenye mboga za majani na viini vya mayai na inayouzwa pia kama kidonge, haipunguzi namba ya miwani, haiondoi mtoto wa jicho, wala haishushi presha ya macho. Anayeinunua kwa sababu hizo anapoteza hela. Kazi yake iko kwenye makula, eneo dogo katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunalolitegemea kusoma na kutambua sura ya mtu. Luteini na mwenzake zeaksanthini hujikusanya hapo kama rangi ya manjano, huchuja mwanga wa buluu na kupunguza makali ya kemikali zinazochakaza seli. Mwili hauwezi kuzitengeneza, hivyo lazima ziliwe.

Kabla ya kununua, kapimwe retina, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa ya matone. Ushahidi wenye uzito kwamba inasaidia unawahusu watu ambao makula zao zimeanza kuchakaa kwa umri na ugonjwa umefika hatua ya kati, au umekomaa katika jicho moja. Kwa mwenye macho mazima, haijathibitishwa kwamba kidonge kinauzuia ugonjwa huo usianze. Yeye ale mboga za majani za kijani kibichi na viini vya mayai, inatosha.

Kipimo kinachotumika zaidi kimetokana na utafiti wa AREDS2 wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2013: luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2 kwa siku, pamoja na vitamini C miligramu 500, vitamini E uniti 400, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Shaba imo kwa sababu zinki nyingi huzuia shaba isifyonzwe, na upungufu wake huleta aina ya upungufu wa damu. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na betakarotini, rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kama unavuta sigara au uliwahi kuvuta, chupa yenye betakarotini iache dukani, maana kwa wavutaji huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Sasa lebo, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Geuza chupa usome nyuma, maandishi makubwa ya mbele yasikuhadae. Ikiandikwa "dondoo la marigoldi miligramu 50, lenye luteini asilimia 20" (marigoldi ni ua linalokamuliwa luteini), unachopata ni miligramu 10. Dondoo la miligramu 100 lenye asilimia 5 lina namba kubwa zaidi, lakini luteini yake ni miligramu 5 tu. Angalia pia kama ni luteini huru au esta za luteini. Esta zimebeba asidi za mafuta ambazo ni karibu nusu ya uzito wote, kwa hiyo miligramu 20 za esta ni sawa na takriban miligramu 10 za luteini yenyewe. Usisahau kusoma kipimo ni cha vidonge vingapi; mara nyingine ni viwili au vitatu.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta, hata kama ni kijiko kimoja tu cha mafuta ya kupikia ndani ya mboga. Luteini huyeyuka kwenye mafuta. Ukiimeza kwa maji matupu alfajiri, sehemu kubwa inapita tumboni bila kufyonzwa. Zinki nayo huchefua tumbo tupu. Chagua mlo mmoja usiokosa kila siku. Ukisahau leo, endelea kesho kama kawaida bila kumeza mara mbili.

Dawa za kupunguza unene zenye orlistati na za kolesteroli zenye kolestiramini huzuia ufyonzaji wake, hivyo mwulize mfamasia uziachanishe vipi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze kwanza na daktari, kwa sababu ya ile vitamini E. Mjamzito naye asianze bila ushauri. Viganja vikigeuka njano baada ya kumeza dozi kubwa kwa muda mrefu, si homa ya manjano: punguza na rangi itaondoka. Lakini weupe wa macho ukigeuka njano, hilo huenda ni jambo la ini, nenda hospitali.

Hifadhi chupa mahali pakavu, mbali na jua na joto la jiko, kwani mwanga na hewa huiharibu luteini. Rangi ya makula huongezeka polepole, kwa miezi, na hutahisi chochote.

Badala ya kusubiri kuhisi, jipime kila wiki. Chukua karatasi yenye miraba na uweke nukta katikati. Vaa miwani yako ya kusomea, ishike karatasi kwa umbali wa sentimita 30 hadi 35, ziba jicho moja, tazama nukta, kisha badilisha jicho. Ukifungua yote mawili, jicho zima hulificha bovu. Mistari ikipinda, au doa jeusi likatokea, usiongeze dozi: muone daktari wa macho siku hiyohiyo.