Kutoka tabibu wa Jeshi la Marekani hadi kazi ya hospitali ya kiraia: jinsi ya kuomba, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioingia Jeshi la Marekani, wakapangiwa idara ya tiba, na sasa mkataba unakaribia kuisha. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: jeshi hukufundisha kazi, lakini ruhusa ya kuifanya uraiani hutolewa na jimbo. Hospitali ya Dallas au Minneapolis itataka namba ya leseni kabla ya kusoma mengine yote uliyoandika. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuhama hufanyika ukiwa bado umevaa sare, na anayengoja mpaka arudishe vifaa hupoteza miezi bila sababu.

Fahamu unatoka na nini mkononi

Askari wa Jeshi la Nchi Kavu mwenye namba ya kazi 68W, yaani tabibu wa vita, hufunzwa Fort Sam Houston, San Antonio, Texas. Ndani ya mafunzo hayo hufanya mtihani wa National Registry, shirika la kitaifa la vyeti vya huduma za dharura, na kupata cheti cha EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi. Hicho ndicho cheti cha kiraia anachotoka nacho. Tabibu wa Jeshi la Anga wa 4N0X1 naye hupata EMT. Wa Jeshi la Majini, wanaoitwa HM, wasijipe uhakika: wengi wao hutoka bila cheti hicho, na inawabidi kusoma kozi na kufanya mtihani kabla ya kuondoka. Mwenye namba 68C, muuguzi wa Jeshi la Nchi Kavu, ana nafasi nzuri kuliko wote hawa, kwa sababu mafunzo yake humpeleka kwenye NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya uuguzi, naye hutoka akiwa muuguzi wa ngazi ya LPN mwenye leseni.

Hapa ndipo wengi huumia rohoni. Tabibu wa vita amezoea kutundika dripu, kutoboa kifua kwa sindano ili hewa iliyobanwa itoke, hata kufungua njia ya hewa kooni kwa kisu. EMT wa kiraia katika majimbo mengi haruhusiwi hata kutundika dripu. Ujuzi haukusaidii kujitetea: ukivuka mipaka ya leseni yako, hata kama mgonjwa amepona, jimbo linaweza kukunyang'anya leseni. Soma orodha ya kazi zinazoruhusiwa kwa ngazi yako katika jimbo unalokwenda, kisha uamue kama utaanza na EMT au utakwenda shule moja kwa moja.

Mwaka mmoja kabla ya kutoka

Sheria inataka uanze TAP, programu ya kukuandaa kurudi uraiani, angalau siku 365 kabla ya kuachia jeshi; anayestaafu anaweza kuanza miezi 24 kabla. Usiichukue kama darasa la kusaini jina na kuondoka. Mwambie mshauri wako waziwazi kwamba unalenga kazi ya afya, na katika jimbo gani.

Siku hiyohiyo ingia kwenye akaunti yako ya National Registry. Kwanza badilisha barua pepe, kwa maana wengi walifungua akaunti kwa anwani ya jeshi, na anwani hiyo ikifungwa taarifa zote hupotelea huko. Pili, tazama tarehe ya mwisho. Cheti cha EMT hudumu miaka 2 na huisha tarehe 31 Machi. Kukihuisha kunahitaji saa 40 za mafunzo endelevu: 20 za sehemu ya kitaifa, 10 za sehemu ya mtaa au jimbo na 10 unazojichagulia. Kikosini saa hizi hupatikana bila shida, na yupo wa kukuthibitishia. Ukishatoka utazitafuta na kuzilipia mwenyewe. Kama unatoka Februari na cheti kinaisha Machi, kihuishe kabla ya kuondoka. Kama hutafanya kazi ya EMT kwa muda, omba hadhi ya kutokuwa kazini, ambayo hukilinda cheti kisife.

Kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka unaweza pia kupeleka VA, idara ya serikali ya maveterani, madai ya ulemavu uliotokana na utumishi. Goti, mgongo na masikio ya tabibu wa vita si mambo ya kunyamazia, na matokeo ya madai hayo yatakufaa kwenye maombi ya kazi, kama utakavyoona mbele.

Karatasi za kukusanya

Ya kwanza ni DD-214, hati ya kuachishwa jeshi, na nakala inayotakiwa na waajiri ni Member-4, yenye aina ya kuachishwa kwako. Ikague kabla ya kusaini. Kisanduku cha 11 kionyeshe kazi yako ya tiba, cha 14 kitaje kila kozi, na cha 24 ndicho chenye hadhi ya kuachishwa. Kozi isiyoandikwa kwenye cha 14 ni kama hukuisoma. Kosa lililogunduliwa kabla ya saini hurekebishwa mezani. Likigunduliwa baadaye huombewa marekebisho kwa fomu DD-215, na huko kuna kungoja.

Ya pili ni JST, rekodi ya masomo ya jeshini, inayoonyesha mafunzo yako na alama za chuo zinazopendekezwa. Hutumwa vyuoni moja kwa moja bila malipo. Jeshi la Anga halitumii JST. Rekodi zao hutoka Community College of the Air Force. Ya tatu ni VMET, fomu DD 2586, inayoeleza kazi yako kwa maneno ambayo mwajiri wa kiraia anayaelewa. Ichapishe ukiwa bado na CAC, kadi yako ya kitambulisho cha jeshi.

Usisahau rekodi ya chanjo, ambayo kwa Jeshi la Nchi Kavu hutoka MEDPROS, mfumo wake wa rekodi za afya za askari. Hospitali hazikuruhusu kugusa mgonjwa bila ushahidi wa homa ya ini B, surua, matumbwitumbwi, rubela na tetekuwanga, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Wapo waliopata kazi kisha wakacheleweshwa kuanza kwa sababu ya karatasi hii moja. Chukua pia kadi ya BLS, yaani huduma ya msingi ya kuokoa maisha, ya American Heart Association iliyo hai. Hudumu miaka 2.

Leseni ya jimbo

Cheti cha National Registry si leseni. Unaomba leseni kwa ofisi ya huduma za dharura ya jimbo, ukiambatisha cheti, kitambulisho, alama za vidole na ada. Kinachochelewesha zaidi ni uchunguzi wa rekodi za uhalifu, kwa hiyo piga alama za vidole mapema. Jina lako liwe lilelile katika kila karatasi. Kwetu hili ni tatizo la kweli: pasipoti ina majina matatu, DD-214 ina mawili, cheti cha ndoa kina la mume. Tofauti ya herufi moja inatosha kulirudisha ombi.

California ina njia ya pekee ya uuguzi. Aliyetumikia miezi 12 akihudumia wagonjwa kitandani, akamaliza kozi ya msingi ya uuguzi jeshini na kuachishwa kwa heshima, anaweza kuomba kufanya mtihani wa LVN, jina la LPN huko California, bila kurudia shule. Angalizo: majimbo mengine huenda yasiikubali leseni iliyopatikana kwa njia hiyo ukihama. Kama familia yako iko Texas au Georgia, uliza huko kwanza.

Kuomba kazi yenyewe

Katika siku 180 za mwisho unaweza kushiriki SkillBridge: unafanya kazi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likiendelea kukulipa. Kamanda lazima akubali, na anaweza kupunguza muda, kwa hiyo peleka ombi mapema ukiwa na barua ya mwajiri.

Kwa hospitali za VA, tafuta kwenye USAJOBS, tovuti ya kazi za serikali kuu, kazi ya Intermediate Care Technician. Ilianzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya matabibu waliotoka jeshini, na huwaruhusu kutumia ujuzi wao zaidi ya kazi nyingi za ngazi hiyo. Wasifu wako usizidi kurasa 2. Kila kazi iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na idadi ya saa kwa wiki. Kukosekana kwa saa hizo kunaweza kukutoa hata kama unafaa. Dodoso litakuuliza kiwango cha ujuzi wako. Unachojipa pale lazima kionekane kwenye wasifu.

Anayestahili upendeleo wa maveterani hupata pointi 5, na mwenye ulemavu wa utumishi pointi 10 kwa fomu SF-15 na barua ya VA. Kama hujapata DD-214, barua ya jeshi inayothibitisha kwamba utaachishwa kwa heshima ndani ya siku 120 inatosha kuanzia. Kazi hizi kwa kawaida ni za raia wa Marekani. Kama bado una kadi ya kijani, peleka N-400, fomu ya kuomba uraia, ukiwa kikosini. Askari halipi ada, na N-426, fomu ya kuthibitisha utumishi wako, hutiwa saini na jeshi lenyewe.

Kwa hospitali binafsi, ondoa lugha ya kambini kwenye wasifu. Taja idadi ya wagonjwa kwa siku, dawa ulizotoa na vifaa ulivyotumia. Kama ulitumia MHS GENESIS, mfumo wa jeshi wa rekodi za wagonjwa, eleza kwamba ni mfumo wa Oracle Health, zamani Cerner. Hospitali nyingi za kiraia zinautumia, na msimamizi ataona mara moja kwamba hutahitaji kufundishwa upya.

Ukitaka kupanda ngazi

Post-9/11 GI Bill, faida ya masomo kwa waliotumikia jeshi, hulipia hadi miezi 36 ya masomo. Miezi 36 ya utumishi hai hukupa asilimia 100. Hurejesha pia gharama za mtihani wa leseni hadi dola 2,000 kwa mtihani mmoja. Inadai kuachishwa kwa heshima kamili. Hadhi ya jumla (General), hata kama imeandikwa "chini ya masharti ya heshima", haitoshi. Kumhamishia mke au mtoto faida hii hufanyika ukiwa ndani ya jeshi tu.

Kabla ya kulipa chuo cha uuguzi, hakikisha kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Kwa paramediki, ngazi ya juu ya EMT, tafuta chuo chenye kibali cha CAAHEP, shirika la kuidhinisha kozi za afya, la sivyo huenda National Registry isikupe mtihani.

Anayelenga kuwa PA, yaani msaidizi wa daktari anayetibu wagonjwa, anafuata njia iliyofunguliwa na watu kama yeye: darasa la kwanza la taaluma hiyo, Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, lilikuwa la matabibu waliotoka Jeshi la Majini. Shule nyingi za PA hutaka saa za kuhudumia wagonjwa zilizothibitishwa. Andika saa hizo kwa kila kituo ulichotumikia, zisainiwe na daktari au PA aliyekusimamia, naye aweke barua pepe yake binafsi, kwa sababu ya jeshi itafungwa atakapohamishwa.