Namna ya Kumtafiti Bondia Asiyejulikana wa Ngumi za Dau za Australia, Karne ya 19

Mabondia wakubwa wa Australia wa enzi ya mikono mitupu wana wasifu wao tayari. Larry Foley, aliyefariki mwaka 1917, ameandikwa vya kutosha, na vivyo hivyo mwanafunzi wake Peter Jackson. Somo hili linawahusu wale waliobaki kama jina moja katika orodha ya matokeo, watu waliopigana, wakalipwa au wakapoteza dau, kisha wakatoweka. Mfano nitakaoutumia ni Bill Sparkes, aliyetoka Australia akaenda Uingereza, na tarehe 4 Mei 1847 akashindwa na Nat Langham baada ya raundi 67. Naamini watu kama yeye wanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule wanaopewa mabingwa.

Hatua ya kwanza: anza na pambano, mtu atafuata

Jina peke yake halikusaidii, kwa kuwa katika koloni moja wanaweza kuwepo watu kadhaa wanaolitumia kwa wakati mmoja. Pambano, kwa upande wake, lina tarehe, mpinzani, kiasi cha dau, wasaidizi waliosimama pembeni na mahali lilipofanyika, na kila kimoja kati ya hivyo ni mlango wa kuingilia. Andika yote hayo kabla ya kutafuta jambo jingine. Andika pia muda kwa dakika, wala usitosheke na idadi ya raundi, kwa sababu chini ya kanuni za London za mwaka 1838 raundi ilimalizika pale mmoja alipoanguka, akapewa mapumziko ya sekunde 30, kisha sekunde nane za kufika mwenyewe kwenye alama katikati ya ulingo. Anayezihesabu raundi 67 za Sparkes kana kwamba kila moja ilikuwa ya dakika tatu, kama kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilivyokuja kuagiza, atalielewa vibaya pambano zima.

Hatua ya pili: magazeti

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, nami nakushauri usiharakishe. Maktaba ya Taifa ya Australia ina hazina ya mtandaoni iitwayo Trove, ambayo mtu yeyote aliye popote duniani anaweza kuisoma bila malipo. Kwa miaka ya 1840 na 1850, gazeti la kwanza kulifungua ni Bell's Life in Sydney, lililoanza mwaka 1845 na kuzipa ngumi nafasi kubwa. Kwa koloni la Victoria lipo Bell's Life in Victoria, lililoanza mwaka 1857. Na kwa miaka ya mwisho ya karne lipo Referee la Sydney, lililoanza mwaka 1886.

Maandishi unayoyatafuta humo yamesomwa na kompyuta kutoka kurasa zilizofifia, hivyo herufi e, c na o hubadilishana mara kwa mara. Tafuta Sparkes, Sparks, hata Sparkos. Ukikosa, tafuta jina la mpinzani, kisha jina la baa ambako mkataba ulitiwa saini. Zingatia pia vifupisho viwili vya tarehe: "inst." ni mwezi huu, na "ult." ni mwezi uliopita, asiyevijua huandika pambano katika mwezi usio wake.

Kwa kuwa Sparkes alipigana Uingereza, habari zake zimo pia katika Bell's Life in London, ambalo kwa kawaida husomwa mtandaoni kwa kulipia. Habari za Mei 1847 zilisafiri kwa meli ya matanga kwa takribani miezi mitatu au minne, kwa hiyo katika magazeti ya Sydney itafute taarifa ya pambano hilo kuanzia Agosti kuendelea.

Hatua ya tatu: mahakama na baa

Mapambano haya yalivunja sheria, na ndiyo maana taarifa nyingi huficha mahali. Foley na bondia mwenzake Abe Hicken, mwezi Machi 1879, walikutana kupigana karibu na mto Murray, mpakani mwa New South Wales na Victoria, kwani polisi wa koloni moja hawakuwa na mamlaka katika koloni jirani. Soma basi habari za mahakama za wiki zinazofuata pambano: bondia aliyekamatwa huandikwa jina lake kamili na pengine kazi yake. Wenye baa walishika dau na kuandaa mikataba, na mabondia wengi waliostaafu walijaribu biashara hiyohiyo, hivyo orodha za leseni za vileo zisikupite.

Hatua ya nne: sajili za serikali

Usajili wa kiserikali wa vizazi na vifo ulianza Tasmania mwaka 1838, Victoria mwaka 1853 na New South Wales mwaka 1856; kabla ya hapo utategemea vitabu vya kanisa. Ikiwa mtu wako aliletwa Australia kama mfungwa, orodha za meli za wafungwa hutaja umri, mahali alipozaliwa, kazi, kosa, na mara nyingi urefu na makovu. Magazeti nayo yalitaja urefu wa bondia, na uzito wake kwa "stone", kipimo cha kilo 6.35. Linganisha urefu, umri na makovu. Yakitofautiana sana, una watu wawili. Usiunganishe nyaraka mbili kwa sababu ya jina tu, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Vyeti vya kifo vinauzwa, nami sina uwezo wa kununua kila kimoja. Nifanyeje?

Marahaba. Faharasa za sajili za New South Wales hutafutwa mtandaoni bila malipo, kwa hiyo anza nazo ili upunguze majina yanayowezekana. Tafuta kisha tangazo la kifo au la mazishi katika Trove. Nunua cheti pale tu unapobakiwa na mtu mmoja, maana cheti cha kifo cha makoloni haya hutaja mara nyingi wazazi, ndoa, watoto na miaka aliyoishi huko.

Ndugu mwandishi, nimesoma kwamba James Kelly na Smith walipigana kwa muda wa saa sita na robo huko Fiery Creek, Daylesford, tarehe 3 Desemba 1855. Je, nikubali?

Muda na tarehe ndivyo vinavyonukuliwa katika vitabu vya rekodi, lakini mahali panahitaji uchunguzi. Machimbo ya dhahabu ya Fiery Creek yalikuwa upande wa Beaufort, magharibi mwa Ballarat, ilhali Daylesford iko kaskazini-mashariki mwa Ballarat. Hata jina la Smith huandikwa Jack hapa na Jonathan kwingine. Rudi kwenye magazeti ya Victoria ya Desemba 1855, na unukuu yale yaliyochapwa karibu zaidi na siku yenyewe.

Mwalimu, nawatafuta mabondia weusi. Mbona majina yao ni haba?

Hawakuwa wachache kama faharasa zinavyoonyesha. Jackson, aliyezaliwa kisiwa cha St Croix katika Karibi mwaka 1861 na kufariki katika mji wa Roma ulioko Queensland, Australia, mwaka 1901, anapatikana kwa jina lake, lakini wengine waliandikwa kwa lakabu tu. Yule aliyemshinda George Hough mwaka 1849 hutajwa zaidi kama Black Perry. Itakubidi utafute kwa lakabu, na hata kwa maneno ya dharau yaliyotumiwa na magazeti ya wakati huo, pamoja na jina la mpinzani. Ukilipata jina halisi la mtu, ndilo uliweke kwenye kichwa cha maandishi yako, na lakabu iingie ndani kama ushahidi. Trove pia inakuruhusu kusahihisha maandishi yaliyosomwa vibaya na kompyuta. Lisahihishe jina hilo papo hapo, ili atakayetafuta baada yako alipate mara moja.